Kipande Kinachobeba Mtu Mzima

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, steji ya Ruiru. Makanga anapiga ubavu wa matatu kwa kiganja na kuita, "Vichwa viwili, twende! Vichwa viwili vya mwisho!" Mimi ni mmoja wa vichwa hivyo. Napanda na miguu yangu, mkoba wangu wa madaftari, usingizi ambao haujanitoka machoni na mawazo ya karo ya kitindamimba. Nyuma yangu anapanda mama mmoja, mtoto mgongoni, kikapu mkononi. Makanga anamhesabu kichwa kimoja, kwa kuwa mtoto wa mgongoni halipiwi kiti. Mlango unavutwa, gari linashika barabara ya Thika, na upande wa Ol Donyo Sabuk anga inaanza kuiva.

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na kuna tamathali moja ya usemi ambayo safari hii ya alfajiri imenifunza vizuri kuliko kitabu chochote nilichopewa kusomesha. Vitabu huiita sinekidoki, neno lenye asili ya Kigiriki, na maelezo yake ni mafupi: sehemu ya kitu kutajwa badala ya kitu kizima, au kizima kutajwa badala ya sehemu. Jirani yake wa ukuta mmoja ni taashira, ambapo kitu hutajwa kwa jina la kingine kilicho na uhusiano wa karibu nacho. Wanafunzi hukariri maelezo hayo, wakaandika mfano mmoja kwenye mtihani, wakapata alama zao na kusahau. Hawajui kwamba waliitumia kabla hawajajua kusoma, na kwamba makanga aliyewaleta shuleni ni fundi wake.

Leo nataka kuusifu ufundi huo, kama mtu anavyomsifu mchonga milango wa Lamu au msusi wa mikeka. Kazi zake ni mbili tu: kuchagua na kuacha. Makanga angeweza kuita miguu, lakini ndani ya matatu miguu haihesabiki, imejificha chini ya viti. Angeweza kuita mikono, lakini mikono imekumbatia mizigo. Akaita vichwa, kwa sababu akisimama mlangoni na kutupa jicho ndani, vichwa ndivyo anavyoviona vimejipanga juu ya migongo ya viti. Sehemu aliyoichagua ndiyo inayoonekana kutoka pale aliposimama. Basi hii ndiyo siri ya kazi yote: anayetaja sehemu hutuonyesha kitu, na papo hapo hutuonyesha mahali aliposimama yeye akikitazama.

Kwa viungo vya mwili, hakuna ambacho Kiswahili kimekitumikisha kama mkono. Ukifiwa, watu huja kukupa mkono wa pole. Mwezi wa Ramadhani ukiisha, watoto hungoja mkono wa Idi. Msaidizi mwaminifu ni mkono wa kulia wa mkubwa wake, mwizi ana mkono mrefu, bahili ana mkono wa birika, na jambo likiharibika pasipo sababu ya kueleweka wazee hunong'ona kwamba hapo pana mkono wa mtu. Anayekubaliana nawe hukuunga mkono. Aliyekosa riziki hurudi nyumbani mikono mitupu. Vidole vitano havihusiki popote hapo. Kinachotajwa ni huruma, ukarimu, uaminifu, wizi, uchoyo na hila, yaani mtu mzima na tabia yake. Waliouchagua mkono walisimama mahali pa kupeana na kupokea, na kutoka hapo waliona kweli moja: utu wa mtu hupitia kiganjani.

Methali zetu nazo zimejaa kazi hiyo. Mkono mmoja haulei mwana, na kila anayeisikia anajua kwamba mkono ule ni mzazi aliyeachwa peke yake. Ulimi uliponza kichwa: viungo viwili vya mwili mmoja vimesimamishwa kama majirani, mmoja ametenda kosa, mwingine amelipa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tazama neno hilo la mwisho. Mtunzi hakuridhika na mguu, akaukuza ukawa guu, ili ubebe yote yanayovunjika mtoto anapopuuza onyo, kuanzia safari yake hadi heshima yake mbele ya watu. Herufi moja imeondolewa, na kiungo kimegeuka maisha.

Miji hii miwili ninamoishi na kufanya kazi imezaliwa na ufundi huo huo. Ruiru ni mto, Thika ni mto. Watu waliutaja mji kwa maji yanayoukata, na maji hayo sasa yanabeba jina la umati: sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Tena mwenye sikio la Kigikuyu husikia zaidi katika jina la Ruiru. Mto kwa lugha hiyo ni rũĩ, na kitu cheusi cha ngeli ya mto ni rũirũ. Mto wenyewe umeachwa nje ya jina, imebaki rangi yake, na rangi hiyo imetosha kuita mto, kisha mji, kisha watu wote wanaolala humo.

Jina lilipokua likaanza kusafiri. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru kilitoa aina mpya ya mbuni, yenye kimo kifupi, inayohimili ule ugonjwa unaoozesha buni zingali mtini pamoja na kutu ya majani. Ikaitwa Ruiru 11. Leo mkulima wa Nyeri au wa Kisii ambaye hajawahi kutia mguu huku kwetu husema bila kusita, "Nimepanda Ruiru." Mji umekuwa mche. Na ukipita Juja kuelekea Thika unavuka Ndarugo, penye machimbo ya mawe ya ujenzi. Fundi mwashi anapoagiza lori hataji jiwe. Husema, "Niletee Ndarugo," na bonde zima linafika kwenye kiwanja chake likiwa limekatwa pembe nne.

Barabara nayo ina vipande vyake. Gari la Thika ni 237, la Ruiru ni 145, na abiria huzitaja nambari hizo kama mtu anavyotaja jirani. Kule Githurai nambari za mabasi ziliganda kwenye ardhi: kukawa na Githurai 44 na Githurai 45, mitaa iliyopewa jina na basi lililoishia pale. Aliyetunga majina hayo alikuwa amesimama kituoni akingoja, na kutoka kituoni kitu cha kwanza kuonekana ni nambari kwenye kioo cha mbele.

Tulipofika karibu na Juja, yule mama aliyeketi kando yangu alifungua mazungumzo. "Mwalimu," akasema, maana wengi kwenye njia hii wananijua kwa kazi yangu, "kuna mwenye ploti kule Kihunguro ana milango kumi na minne, lakini hajabakiwa na hata mmoja."

"Pole, Mama Shiku," nikamjibu. "Nitakuulizia huku kwetu."

Sentensi yake moja ilikuwa na hazina. Ploti ilikuwa kipande cha ardhi tu, lakini kwa Kiswahili cha Ruiru sasa ni uwanja, jengo, mfereji, kamba za nguo na wapangaji wote. Na mlango ni chumba, tena ni zaidi ya chumba, kwa sababu nyuma ya kila mlango pana jamii yake. Huko pwani mlango huwa pia jina la ukoo: watu wa mlango mmoja ni wa uzao mmoja. Wajaluo huita ukoo dhoot, yaani kinywa cha nyumba, mlango vilevile. Watu walioishi mbali namna hiyo, ziwani na baharini, walisimama mahali pamoja: mbele ya nyumba, wakitazama watoto wakitoka mmoja mmoja, wakaona kwamba wote wamepita tundu moja.

Serikali pia iliazima ufundi huo. Mwaka 2013 Kenya ilipotaka majirani wajuane kwa ajili ya usalama, ilichukua kutoka Tanzania utaratibu wa Nyumba Kumi. Kuta hazijuani wala hazilindani. Jina lilimaanisha watu, na hakuna raia aliyehitaji kufafanuliwa.

Lakini si kila kipande cha nyumbani kinampendeza anayetajwa nacho. Kijana akioa husemwa kwamba amepata jiko. Wanafunzi wangu wa kike hawaupendi msemo huo, nami nawaelewa. Aliyeutunga alikuwa ameketi akingoja chakula, na kutoka hapo hakuona kitu kingine katika mke isipokuwa moto wake. Linganisha na jina la yule mama. Sikumwita kwa jina lake la kuzaliwa, nimemwita Mama Shiku, kwa mtoto aliyekuwa mgongoni mwake. Desturi hiyo imeenea Afrika Mashariki nzima: mwanamke hutajwa kwa kile kilichotoka mwilini mwake na kikaanza kutembea. Aliyemtaja hivyo mara ya kwanza alisimama upande wa mtoto, akitazama juu.

Jioni ya siku hiyo nilipita kwenye kibanda chake sokoni Makongeni kununua maharagwe. Kipimo chake ni gorogoro, mkebe wa kilo mbili uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia, rangi imekwaruzika, ukingo umepinda kidogo upande mmoja. Alichota maharagwe kwa mikono yote miwili, akajaza, akapiga ubavu wa mkebe mara mbili ili punje zijipange, akajaza tena mpaka kilele kikasimama juu ya ukingo. Alipomimina kwenye mfuko wangu aliongeza konzi moja. "Hii ni ya watoto," akasema. Nyumbani kwangu gorogoro moja hukaa siku nne, na mke wangu akiniambia "gorogoro imeisha" sitafuti mkebe uliopotea. Chombo kimetajwa, chakula kimeeleweka. Na ile konzi? Konzi ni mkono uliofumba. Ni kipimo kisichokaguliwa na mtu yeyote, na ndicho kinachonirudisha kwake kila wiki.

Nilipokuwa nikimlipa, Mama Shiku alinihadithia kuhusu mamake, aliyechuma kahawa kwenye mashamba ya upande wa Ruiru. Walilipwa kwa debe. Jioni akirudi, watoto hawakumuuliza amechoka kiasi gani, walimuuliza, "Leo ni debe ngapi?" Akijibu "tano" walijua mvua au ugonjwa ulipita shambani, akijibu "nane" walijua kutakuwa na sukari. Mwili wote wa mama yule, mgongo ulioinama na vidole vilivyochubuka, uliingia ndani ya neno moja la bati.

Yeye na wenzake waliitwa vibarua. Neno hili nalipenda na kuliogopa. Kibarua ni barua ndogo. Huko pwani, zamani, mtu aliyekodiwa kwa kazi ya siku alipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kazi yake. Jina la karatasi likahamia kwenye kazi, tukasema "nimepata kibarua." Kisha likahamia kwa mtu mwenyewe, tukasema "kibarua amefika." Kwa hatua mbili karatasi ikammeza binadamu.

Kuna karatasi nyingine iliyojaribu kufanya hivyo kwa ukatili zaidi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza na kodi ya nyumba mwaka 1901, ikaongeza kodi ya kichwa mwaka 1910. Maneno ni yale yale yetu, nyumba na kichwa, lakini aliyeyatamka alikuwa amesimama nyuma ya meza ya kukusanyia fedha. Mwaka 1915 ikapitishwa sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha sheria ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba cheti chenye jina lake, alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake. Cheti kilitiwa kwenye kikebe cha chuma, kikebe kikavalishwa shingoni kwa kamba. Asiyetiwa sahihi na mwajiri wake hakuweza kuondoka kazini kihalali. Wagikuyu walikilinganisha na mbũgi, kengele inayofungwa mbuzi shingoni.

Na jina lake? Kipande. Sijui kama Kiswahili kina neno lingine lililosema ukweli mkubwa namna hiyo kwa silabi tatu. Mtu aligeuzwa mkono wa kulima, mkono ukageuzwa alama ya kidole, alama ikatiwa kwenye kipande, na kipande ndicho kilichoulizwa njiani. Mtu mzima alisimama pembeni akingoja karatasi yake imjibie.

Aliyepaza sauti dhidi ya hayo alitoka karibu na hapa. Harry Thuku alizaliwa Kambui, huku kwetu Kiambu. Mwaka 1921 aliongoza chama cha East African Association, akapinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 ya mwezi huo umati ulikusanyika Nairobi kudai aachiliwe, polisi wakafyatua risasi. Masimulizi ya siku ile hutaja idadi ya waliouawa, na idadi hazikubaliani. Jina moja halipotei: Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewachochea wanaume wasirudi nyuma, akaanguka pale pale. Namba hutufahamisha ukubwa wa msiba. Muthoni ndiye anayetufanya tuuone.

Elspeth Huxley, binti wa walowezi, alifika Thika angali mtoto, miaka michache kabla ya sheria ile. Mwaka 1959 alichapisha kumbukumbu zake kwa jina The Flame Trees of Thika. Aliichagua miti yenye maua mekundu ili ibebe nchi nzima ya utoto wake, na lilikuwa chaguo la fundi, kwa maana dunia bado inaijua Thika kwa miti hiyo. Hata hoteli kongwe ya mji huu, iliyofunguliwa mwaka 1908 kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, imeitwa Blue Posts, nguzo za buluu: vyumba, bustani na mngurumo wa mito miwili, vyote vimebebwa na nguzo. Naviheshimu vipande hivyo. Lakini mwanamume aliyepita chini ya miti ile akiwa na kikebe shingoni, angeombwa aitaje Thika kwa sehemu moja, nadhani angetaja jembe. Wote wawili wangesema kweli, kila mmoja kutoka pale aliposimama, na mji ungekuwa mkubwa kuliko kauli zote mbili.

Hapa ndipo sarufi yetu ilipofanya kitu ambacho hunifanya nijivunie kuifundisha. Turudi kwa neno kibarua: lina umbo la ki-, ngeli ya vitu. Kazi ikipotea twasema kibarua kimeota nyasi. Lakini jina lilipohamia kwa mtu, Kiswahili kilikataa kumwacha kwenye ngeli ya vitu. Hakuna anayesema "kibarua kimeamka mapema." Twasema kibarua ameamka, kibarua amelipwa, kibarua anadai haki yake. Karatasi ilimmeza mtu, na ile a- ndogo mbele ya kitenzi ikamtoa tumboni mwake. Siku hizi hali ni hiyo kwa boda. Boda imeharibika, hiyo ni pikipiki. Boda amefika, huyo ni mwana wa mtu. Lakini kipande hakikupewa a- hata siku moja. Kilipotea, kilikaguliwa, kilichanwa, kilichukiwa, na miaka yote hiyo watu waliokivaa hawakukubali kiwe mtu. Hawakuandika azimio lolote juu ya jambo hilo. Walizungumza tu, na kwa kuzungumza wakaamua.

Huwaeleza wanafunzi wangu kwamba kuna jina lingine lililookolewa hivyo, na tunapaswa kuendelea kuliokoa. Hapa Thika ipo shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Zamani mtoto wa pale angeitwa kipofu na maneno yakaishia hapo: kiungo kimoja kisichofanya kazi kimetajwa badala ya mtoto mwenye vingine vyote. Sarufi ilimpa a- yake, kipofu anasoma, lakini jina bado lilikuwa limechagua sehemu isiyofaa. Mtazame mtoto huyo akisoma breli, ncha ya kidole ikipita juu ya vitone vilivyopangwa sita sita, uso umetulia, midomo ikitangulia kutabasamu kabla ya mwisho wa sentensi. Fundi mwenye moyo angesimama karibu naye, na angetaja kidole.

Kwa hiyo nimejipa kipimo cha kupimia vipande, nami nilikiokota kwenye mananasi. Nje ya mji wa Thika yametanda mashamba yake, kijani kibichi cha kijivu mpaka upeo wa macho. Nanasi lina taji la majani kichwani. Ukilikata taji hilo, ukaliacha likauke kidogo pale lilipokatwa, kisha ukalipanda, litatoa mizizi, na baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili litakuzalia nanasi jingine zima. Kata kipande cha maganda ukipande, utaokota uozo. Vyote viwili vilikuwa sehemu za tunda moja, lakini ni kimoja tu kilichobeba uhai wote ndani yake. Maneno nayo ni hivyo. Mkono wa pole ukiupanda huota rafiki aliyevuka mji usiku kuja kukaa nawe. Mlango huota ukoo. Konzi huota muuzaji mwenye utu. Kipande kile cha shingoni hakikuota mtu, ndiyo maana kilihitaji kamba na polisi ili kishike.

Kuna taji moja lililopandwa hapa Kenya likamea kuliko yote. Wanjiku, kwa mapokeo ya Wagikuyu, ni mmoja wa mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, na jina lake tangu zamani hubeba ukoo wa Agacikũ. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mjadala wa kuandika upya katiba ulipopamba moto, Rais Daniel arap Moi alilitaja jina hilo akihoji mwananchi wa kawaida anajua nini juu ya katiba. Wananchi waliliokota jina na kulivaa. Wakasema Wanjiku anataka kusikilizwa, Wanjiku ana maoni, Wanjiku hatalala. Mjaluo akawa Wanjiku, Mswahili wa Mombasa akawa Wanjiku, mwanamume mwenye ndevu akawa Wanjiku bila kuona aibu. Tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ilipozinduliwa, watu wengi waliiita ya Wanjiku. Jina lilikuwa limetamkwa na mtu aliyesimama juu akitazama chini. Lilibadilika maana pale waliotajwa waliposimama wenyewe na kulitamka.

Ndugu msomaji, wewe pia ni fundi wa kazi hii, kwa kuwa huwezi kupitisha siku bila kumtaja mtu kwa sehemu yake. Mwajiri utasema unahitaji mikono zaidi. Kumbuka kwamba kila mkono una jino linalouma na mtoto anayengoja karo. Mwandishi wa habari utaandika kwamba ajali barabarani imechukua roho tano. Tafuta majina matano uyaandike chini yake. Mwalimu mwenzangu, usiwape wanafunzi maelezo ya sinekidoki wakariri tu. Wapeleke steji, wapeleke sokoni, waulize kila neno: aliyelitamka alikuwa amesimama wapi? Na likipandwa, litaota mtu?

Alfajiri ile makanga alihesabu vichwa viwili vya mwisho, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa viti alivyokuwa navyo. Lakini tulipanda watatu. Yule wa mgongoni, Shiku, ambaye hakuhesabiwa, jina lake kamili ni Wanjiku.